Kuzidisha au Kugawanya? Namna ya Kugeuza Vipimo vya Urefu

Katika kugeuza mita kuwa sentimita, namba huzidishwa au hugawanywa? Swali hili humsumbua mwanafunzi wa shule ya msingi, na halimwachi hata akishakuwa fundi, mshonaji au mtu anayejenga nyumba yake ya kwanza. Wengi hukumbuka kwamba kuna kumi, mia au elfu mahali fulani, na kwamba nukta husogea. Wasichokumbuka ni nukta inaelekea upande gani. Hapo hubahatisha, na kosa la kubahatisha hapa si dogo. Anayezidisha kwa 100 mahali pa kugawanya kwa 100 hupata jibu kubwa mara 10,000 kuliko linalotakiwa.

Ugumu wa somo hili hutokana na kukariri kanuni kabla ya kuona nini kinabadilika na nini kinabaki. Urefu wa kitu haubadiliki. Kinachobadilika ni kizio, yaani kiasi kilichokubaliwa ambacho urefu hulinganishwa nacho. Mita ni kizio, sentimita ni kizio, na shibiri ya mkono nayo ni kizio.

Mita ilikotoka

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki walipima kwa viungo vya mwili. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, vidole vikiwa vimetanuliwa. Shibiri mbili hufanya mkono mmoja, au dhiraa, yaani kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole. Mikono miwili hufanya wari, na wari mbili hufanya pima, ambayo ni mikono yote iliyonyooshwa kushoto na kulia. Mpango huu una uzuri wake, kwa kuwa kila hatua ni mbili. Kasoro yake inajulikana na kila aliyewahi kununua kitambaa kwa muuzaji mfupi.

Vipimo vya Kiingereza vilivyokuja na ukoloni vilikuwa na fimbo rasmi zisizotegemea mkono wa mtu, lakini hesabu yake ni ya kuchosha: inchi 12 hufanya futi, futi 3 hufanya yadi, na yadi 1,760 hufanya maili. Kila hatua ina namba yake, na hakuna inayomsaidia mtu kukumbuka nyingine.

Wafaransa wa wakati wa Mapinduzi walitaka kizio kisichotokana na mwili wa mtu yeyote, wala wa mfalme yeyote. Mwaka 1791 wanasayansi wao walipendekeza kwamba mita iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta. Wanaastronomia wawili, Jean-Baptiste Delambre na Pierre Méchain, walipewa kazi ya kupima kipande cha umbali huo, kutoka Dunkerque kaskazini mwa Ufaransa hadi Barcelona nchini Hispania. Walianza mwaka 1792, katikati ya vita na misukosuko, na mwaka 1799 fimbo ya platinamu yenye urefu wa mita moja ilihifadhiwa Paris. Mwaka 1875 nchi 17 zilitia saini Mkataba wa Mita, na tangu mwaka 1983 mita haitegemei tena fimbo yoyote: ni umbali ambao mwanga hupita mahali pasipo na hewa katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde.

Faida ya mfumo huu wa metriki, yaani mfumo wa vipimo uliojengwa juu ya mita, haiko katika ukubwa wa mita yenyewe. Dhiraa ingefaa vilevile. Faida iko katika uamuzi kwamba kila hatua ya kupanda au kushuka iwe kumi.

Majina saba

Vizio vya urefu vinavyofundishwa shuleni ni saba, kutoka kikubwa hadi kidogo:

- kilomita (km) ni mita 1,000
- hektomita (hm) ni mita 100
- dekamita (dam) ni mita 10
- mita (m)
- desimita (dm) ni mita 0.1, yaani sehemu moja ya kumi
- sentimita (sm) ni mita 0.01, yaani sehemu moja ya mia
- milimita (mm) ni mita 0.001, yaani sehemu moja ya elfu

Vitabu vingi vya Hisabati vya Kiswahili huandika sm, lakini kwenye rula na futikamba mtu atakuta cm, ambayo ndiyo alama ya kimataifa. Ni kitu kimoja.

Kila jina, ukiacha mita yenyewe, lina sehemu mbili. Sehemu ya pili ni mita. Ya kwanza hueleza ni mara ngapi, au sehemu ya ngapi. Kilo ni elfu, ndiyo maana kilogramu ni gramu elfu kama kilomita ilivyo mita elfu. Senti ni sehemu ya mia, kama senti ilivyo sehemu ya mia ya shilingi. Mili ni sehemu ya elfu, na mililita ya dawa ya mtoto ni sehemu ya elfu ya lita. Aliyejifunza viambishi hivi kwenye urefu amekwisha kujifunza uzito na ujazo bila kujua.

Katika maisha ya kila siku vizio vinne tu ndivyo hufanya kazi: kilomita, mita, sentimita na milimita. Hakuna anayesema soko liko hektomita tatu kutoka kituoni. Hata hivyo vile vitatu vilivyosahaulika vina sababu mbili za kubaki kwenye orodha. Kwanza, hushika nafasi: bila desimita, mtu hudhani kutoka mita hadi sentimita ni hatua moja, kumbe ni mbili. Pili, vimejificha ndani ya vipimo vingine. Hekta ya shamba ni mraba wenye upande wa hektomita moja, na lita ya maji ni mchemraba wenye upande wa desimita moja.

Kizio kikipungua, namba huongezeka

Pipa moja la maji likichotwa kwa ndoo, huisha kwa ndoo kumi. Likichotwa kwa kikombe, vikombe vitahesabika kwa mamia. Maji hayakuongezeka, chombo ndicho kilichopungua. Urefu nao hufuata mwenendo huohuo. Kizio kikiwa kidogo, vizio vingi zaidi huhitajika kujaza urefu uleule.

Hapo ndipo jibu la swali la mwanzo lilipo:

- Kutoka kizio kikubwa kwenda kidogo, zidisha.
- Kutoka kizio kidogo kwenda kikubwa, gawanya.

Kilele cha Uhuru cha Mlima Kilimanjaro kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Kwa kilomita, ambayo ni kizio kikubwa, namba lazima ipungue: 5,895 ÷ 1,000 = km 5.895. Karatasi ya A4 ina urefu wa sm 29.7. Kwa milimita, kizio kidogo, namba lazima iongezeke: 29.7 × 10 = mm 297.

Kabla ya kushika kalamu, inafaa kujiuliza swali moja tu: namba inayokuja iwe kubwa au ndogo kuliko iliyopo? Anayejibu hilo hawezi kuandika kwamba mlango wa mita 2 una sentimita 0.02. Kanuni husahaulika kwenye mtihani. Kujua kwamba mlango hauwezi kuwa mfupi kuliko unene wa kucha hakusahauliki.

Kuhamisha nukta

Kwa kuwa kila hatua ni kumi, kuzidisha na kugawanya hakuhitaji hesabu ndefu. Kuzidisha kwa 10 ni kuhamisha nukta ya desimali nafasi moja kulia. Kugawanya kwa 10 ni kuihamisha nafasi moja kushoto. Nukta ya desimali ni alama inayotenga namba nzima na sehemu zake. Namba isiyoonyesha nukta, kama 42, inayo pia: imejificha mwishoni, 42.0.

Kazi iliyobaki ni kuhesabu hatua kwenye orodha ya majina saba. Kutoka kilomita hadi mita ni hatua tatu. Kutoka mita hadi sentimita ni hatua mbili, na kutoka sentimita hadi milimita ni moja. Kutoka kilomita moja kwa moja hadi sentimita ni hatua tano, kwa hiyo kilomita moja ni sentimita 100,000.

Mbio za marathoni zina urefu wa km 42.195. Nukta ikihama nafasi tatu kulia, hupatikana m 42,195. Nusu marathoni ni km 21.0975, nafasi tatu kulia ni m 21,097.5, na hapo nukta haijafika mwisho wa namba, jambo ambalo huwatatiza waliozoea kuongeza sifuri tu. Kuongeza sifuri ni njia ya mkato inayofaa kwa namba nzima pekee. Namba yenye desimali ikiongezewa sifuri mwishoni haibadiliki hata kidogo: 29.70 ni 29.7 ileile.

Hatua tano hutumika hasa kwenye ramani. Ramani nyingi za ardhi za Tanzania na Kenya zimechorwa kwa skeli ya 1:50,000, maana yake sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita 50,000 ardhini. Namba hiyo haimwambii mtembezi chochote mpaka igeuzwe. Nukta ikihama nafasi mbili kushoto ni mita 500, na ikihama nyingine tatu ni kilomita 0.5. Sentimita mbili za ramani, kwa hiyo, ni kilomita moja ya mguu.

Makosa ya Delambre na Méchain nayo yanaweza kupimwa kwa njia hii. Mita waliyoipata ilikuwa fupi kuliko ilivyokusudiwa kwa takriban mm 0.2, kitu kisichoonekana kwenye rula. Lakini umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta ulikusudiwa kuwa mita milioni kumi. Milimita 0.2 mara 10,000,000 ni milimita 2,000,000. Gawanya kwa 1,000 upate mita 2,000. Gawanya tena kwa 1,000, zinabaki kilomita 2. Ndiyo maana umbali huo leo husemwa kuwa kama kilomita 10,002, si 10,000 kamili.

*Kwa ufupi:* tazama kama kizio kinachofuata ni kikubwa au kidogo, hesabu hatua kati ya vizio viwili, kisha hamisha nukta nafasi hizo: kulia kwa kizio kidogo, kushoto kwa kikubwa.

Mita tano na sentimita sita si 5.6

Makosa ya kuhamisha nukta huonekana haraka, kwa kuwa jibu huwa la ajabu. Makosa mabaya zaidi ni yale ambayo jibu lake linafanana na ukweli, na yanayoongoza ni haya ya kuandika vipimo viwili kama kimoja.

Ukuta una urefu wa mita 5 na sentimita 6. Wengi huandika m 5.6. Lakini tarakimu ya kwanza baada ya nukta ni nafasi ya desimita, na ukuta huo hauna hata desimita moja iliyozidi mita tano. Sentimita sita hukaa nafasi ya pili:

- m 5 na sm 6 ni m 5.06
- m 5 na sm 60 ni m 5.60, yaani 5.6
- m 5 na mm 6 ni m 5.006

Kati ya 5.06 na 5.6 kuna tofauti ya sentimita 54, zaidi ya dhiraa nzima. Ukuta wa m 5.6 si ukuta wa ajabu. Hakuna atakayeshtuka akiona namba hiyo kwenye karatasi. Atashtuka mbao zikishakatwa.

Kwenye kilomita pengo huwa pana zaidi. Kilomita 3 na mita 50 ni km 3.050, kwa sababu mita hukaa nafasi tatu baada ya nukta. Anayeandika 3.5 ameongeza mita 450 ambazo hazipo barabarani.

Tatizo hili lina ndugu yake, nalo ni namna ya kusoma namba kwa sauti. Goli la mpira wa miguu lina upana wa m 7.32 na kimo cha m 2.44. Likisomwa “saba nukta thelathini na mbili”, msikilizaji huweza kuamini kwamba ni pana kuliko goli la “saba nukta tano”, maana thelathini na mbili ni nyingi kuliko tano. Kumbe 7.5 ni 7.50, na ndiyo kubwa. Usomaji ulio salama hutaja tarakimu mojamoja: saba nukta tatu mbili. Ulio salama zaidi huacha nukta kabisa: mita saba na sentimita thelathini na mbili.

Kwa nini ramani ya nyumba huandikwa kwa milimita

Anayeshika ramani ya nyumba yake kwa mara ya kwanza hukuta namba kama 3600, 900 na 2100 bila kizio chochote. Hizo ni milimita. Chumba cha 3600 kwa 3600 ni cha mita 3.6 kila upande, na mlango wa 900 kwa 2100 una upana wa sentimita 90 na kimo cha mita 2.1.

Wachoraji hawakuchagua milimita kwa kupenda usahihi wa kupindukia. Hakuna fundi wa tofali anayejenga kwa usahihi wa milimita moja. Walitaka kuondoa nukta. Ramani hukunjwa, hulowa na hupakwa saruji, na nukta ndiyo alama ya kwanza kufutika. Hapo 3.6 hugeuka 36, lakini 3600 haina nukta ya kupoteza.

Kanuni inayotoka hapa ni pana kuliko ujenzi: vipimo visijumlishwe kabla ya kuwa kizio kimoja. Chumba chenye upana wa ndani wa m 3.6, kikiwa na kuta za mm 150 pande zote mbili, kina upana wa nje wa 3600 + 150 + 150 = mm 3900, yaani m 3.9. Nondo nayo hivyo hivyo. Nondo ndefu ya m 12 ikatwe ringi, zile pete za kufungia nondo za nguzo, za sm 80 kila moja. Mita 12 ni sm 1,200, na 1,200 ÷ 80 ni ringi 15. Aliyegawanya 12 kwa 80 atapata 0.15 na kudhani kikokotoo kimeharibika.

Tahadhari: mita za mraba

Hesabu ya vigae huvuruga hata walioelewa yote yaliyotangulia. Sakafu ya m 3 kwa m 4 ni mita za mraba 12. Kigae cha sm 30 kwa sm 30 ni sentimita za mraba 900. Je, mita za mraba 12 ni sentimita za mraba 1,200? Kwa hesabu hiyo vigae viwili vingetosha sebule.

Mita moja ya mraba ni sm 100 kwa sm 100, yaani sentimita za mraba 10,000. Nukta huhama mara mbili zaidi, kwa kuwa urefu umegeuzwa na upana umegeuzwa pia. Sakafu hiyo ni sentimita za mraba 120,000, na 120,000 ÷ 900 ni vigae 133 na sehemu, kwa hiyo 134, kabla ya kuongeza vya kuvunjika na kukatwa. Kwenye ujazo nukta huhama mara tatu: mita moja ya ujazo ni desimita za ujazo 1,000, na hizo ndizo lita 1,000 za tangi la maji.

Chini ya milimita

Rimu ya karatasi ina karatasi 500 na unene wa kama sm 5. Sentimita 5 ni mm 50, na 50 ÷ 500 ni mm 0.1 kwa kila karatasi. Vitu vyembamba zaidi ya hapo huhitaji kizio kingine.

Baada ya milimita hatua huwa za elfu, si za kumi. Milimita moja ni mikromita 1,000, na mikromita moja ni nanomita 1,000. Mikromita ndiyo ileile iitwayo mikroni madukani na katika sheria. Mwaka 2007, miaka kumi kabla ya marufuku yake ya jumla, Kenya ilizuia mifuko ya plastiki yenye unene usiozidi mikroni 30. Mikroni 30 ni mm 0.03, chini ya theluthi moja ya unene wa karatasi. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8, na ndani yake kijidudu cha malaria hupata nafasi ya kuzaliana.

Inchi na futi zilizobaki

Mfumo wa metriki ni rasmi kote Afrika Mashariki, lakini mbao bado huitwa mbili kwa nne, tofali huitwa la inchi sita, na kitenge hupimwa kwa yadi. Daraja la kuvukia ni moja: inchi 1 ni sm 2.54 kamili, kwa makubaliano ya mwaka 1959. Kutoka hapo futi ni sm 30.48 na yadi ni sm 91.44. Kitenge cha yadi 6 ni sm 548.64, karibu mita tano na nusu. Anayelipia mita sita akapimiwa yadi sita amepoteza kama nusu mita. Tena futi haikubali nukta kirahisi: futi 5 na inchi 6 ni futi 5.5, kwa kuwa inchi 6 ni nusu ya 12.

Masalia hayo yamo hata kwenye reli. Reli kutoka Mombasa iliyofika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, zilijengwa kwa upana wa mm 1,000 kati ya chuma na chuma: mita moja kamili. TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina upana wa mm 1,067. Reli mpya za SGR, yaani za upana wa kawaida wa kimataifa, za Kenya na Tanzania zina mm 1,435. Namba hizi mbili za mwisho hazina mvuto wowote wa kumi, kwa sababu hazikuzaliwa kwenye metriki. Futi 3 na inchi 6 ni inchi 42, na 42 × 25.4 ni mm 1,066.8. Futi 4 na inchi 8 na nusu ni inchi 56.5, na 56.5 × 25.4 ni mm 1,435.1. Tofauti kati ya reli ya mita na TAZARA ni mm 67 tu, yaani sm 6.7, lakini behewa la moja haliwezi kupita kwenye nyingine, na Kidatu mkoani Morogoro, reli hizo mbili zinapokutana, ilibidi kijengwe kituo cha kuhamishia mizigo.